Tangazo Katikati ya Somo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya simu lilikuwa kuamini kwamba "Ruhusu" ni kitufe cha kupitia tu, kama mlango wa duka unaousukuma ukaendelea na shughuli zako.

Nilijifunza kazi hii peke yangu, machimboni, ndani ya kibanda cha mabati kilichotazamana na karasha la kusagia mawe. Wachimbaji walinijia na simu zilizojaa vumbi hadi ndani ya tundu la chaji, wakitaka niwawekee nyimbo, video za ngoma na mahubiri. Kurasa nilizopakulia vitu hivyo zilikuwa na tabia moja. Kabla hujapata unachotaka, dirisha liliruka usoni pako na kukuuliza kama unaruhusu. Ukibonyeza "Zuia", mara nyingine ukurasa ulirudi mwanzo. Ukibonyeza "Ruhusu", wimbo ulishuka. Mtu ametoka kwenye duara, shimo lenye kina ambacho mimi nisingethubutu hata kukichungulia, anasimama nyuma yako anahema, na zamu yake inakaribia tena. "Dogo, fanya fasta." Kidole changu kikazoea. Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Sikuwahi kusoma nilichokuwa nakiruhusu.

Mimi ni mtu ninayerudia kufunga skrubu moja mara tatu. Nikibandika kioo cha simu na kikabaki na kipovu kidogo kama punje ya ulezi, nakibandua naanza upya, hata mteja akiniambia ameridhika. Wenzangu walinicheka kwa hilo. Nalisema hapa ili ieleweke kinachoniuma: katika kazi yote niliyoifanya kwa uangalifu wa kujitesa, kitu pekee nilichokifanya bila kuangalia ndicho kilichokwenda kumwangukia mama yangu.

Mama hakupelekwa shule alipokuwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa ameshatuzaa wote, katika darasa la watu wazima, mimi nikiwa mgongoni. Kwetu ni jirani na Ushirombo, na nyumbani tunazungumza Kisukuma. Kiswahili kwake ni lugha ya kanisani, ya zahanati na ya barua za serikali. Baba alipofariki, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilimchagua mama kuwa msomaji wa masomo kila tunapokusanyika kusali, na tangu hapo watu wakaacha kumwita kwa jina la kaka yangu mkubwa. Wakamwita Mama Msomaji. Nimewahi kumwona akijitambulisha hivyo mwenyewe kwa mgeni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonyesha kitenge kipya bila kutaka kuonekana anakionyesha.

Herufi za kitabu cha masomo zilianza kumshinda macho. Nikampelekea simu. Nilizikuza herufi hatua kwa hatua, nikimwomba asome, nikipunguza, nikiongeza, mpaka mstari mmoja ukabeba maneno manne tu. Niliigeuza lugha yake kuwa Kiswahili. Nilizima picha zote kwenye kurasa ili bando lisiishe haraka. Nikautafuta ukurasa unaoweka masomo ya kila siku, na ulipofunguka yakaruka madirisha matatu, moja juu ya jingine, na kidole changu kikafanya kilichozoea. Ruhusu, ruhusu, ruhusu. Sikumbuki hata yalisema nini. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye jambo nililoliona kubwa, yaani matamshi.

Kisukuma hakina sauti ya "r" kama ya Kiswahili, na mama alisema "Loho" na "luhusa" kama wazee wengi wa kwetu. Hakuna aliyewahi kumlalamikia. Mimi ndiye niliyelalamika. Niliketi naye siku mbili nikimrekebisha.

"Roho, mama."

"Loho."

"Ulimi utetemeke. Rrr."

"We mtoto, ulimi wangu umekula ugali miaka yote hii bila kutetemeka, leo utetemeke kwa ajili yako?"

Lakini alijaribu. Alijaribu mpaka akaweza, akiisukuma ile "r" kwa nguvu nyingi kupita kiasi, na mimi nikajivuna. Niandike ukweli: nilikuwa nafikiria watu watasemaje kuhusu mama wa fundi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Jumuiya ilikutana nyumbani kwa jirani yetu, ua umefagiliwa, wanawake juu ya mikeka na wanaume kwenye benchi upande wa ghala. Mimi nilikaa mwisho wa benchi. Somo lilikuwa sehemu ya waraka wa mtume, na katika nyaraka zile aya nyingi huanza kwa neno "Ndugu". Mama alisimama, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza. Aliisoma aya ya kwanza vizuri, "r" zake zote zikinguruma. Akaisogeza skrini kwa kidole kama nilivyomfundisha. Akaendelea:

"Ndugu, usikate tamaa. Nguvu zako zitarudi."

Mzee mmoja karibu yangu alitikisa kichwa kukubali. Mimi pia sikushtuka. Lilikuwa neno la faraja.

"Wanaume wengi wa hapa Geita walikuwa dhaifu kama wewe. Wametumia mizizi hii siku saba, na sasa chumbani..."

Sauti yake ilipungua. Nilimwona anayaona maneno. Lakini mama alifundishwa kusoma na mwalimu aliyewakataza kusimama katikati ya sentensi, na katika maisha yake hajawahi kusimama katikati ya sentensi. Akaendelea, polepole, kama mtu anayevuka mto ambao maji yameshamfika kiunoni.

"...na sasa chumbani wake zao wanaomba kupumzika. Bonyeza hapa."

Chini ya maneno hayo hapakuwa na kitu. Skrini iliishia pale. Mama alibaki ameitazama, midomo ikiwa wazi, kisha akasema neno pekee alilojua kusema somo linapoisha.

"Neno la Bwana."

Na jumuiya nzima, kwa mazoea yale yale, ikajibu, "Tumshukuru Mungu."

Benchi la wanaume likapasuka kwa kicheko. Mmoja, mwenye mdomo unaojulikana kijiji kizima, akasema, "Mama Msomaji, rudia mstari huo wa mizizi, wengine hatukusikia vizuri!" Mwingine akadakia, "Na yeye mjane, hiyo dawa anamtafutia nani?" Wanawake nao wakacheka, baadhi wakificha nyuso kwenye khanga. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa makamo ambaye si mtu mbaya, aliinua mkono kuwatuliza huku mabega yake yakitikisika.

"Basi, basi jamani. Mama Msomaji, kaa mama. Wiki ijayo asome mwingine, simu ipone kwanza."

Mama alikaa. Alinipa simu bila kunitazama.

Niliitazama ile skrini pale pale, na nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Tangazo lile, lililojifungua juu ya aya zilizobaki, lilikuwa na picha, pengine ya chupa, pengine ya mtu mwenye misuli, na picha hiyo ingemwambia mara moja kwamba hili si somo. Mimi ndiye niliyezima picha. Lilikuwa na herufi ndogo za kwake lenyewe. Mimi ndiye niliyezikuza zikafanana na za mtume. Na lilikuwa na haki ya kuingia, kwa sababu lilipouliza, mimi ndiye niliyeliruhusu. Kila nilichokipanga kwa uangalifu kililisaidia.

Ndani ya siku chache jina lilibadilika. Nilipompigia mama nikiwa machimboni sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na dada yangu. Kwenye mashine ya kusaga, wanawake waliokuwa wamepanga ndoo za mahindi walimwita Mama Mizizi. Kwa utani, dada alisema, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nilimwambia dada kwamba utani ni wa mtu anayeweza kuurudisha, na mama hakuwa na la kurudisha. Halafu akaniambia la pili. Jumapili ya tatu kutoka siku ile ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kuhudumu kigangoni, yaani kwenye kanisa letu, na mama ndiye aliyepangwa kusoma mbele ya waumini wote. Alikuwa ameingojea siku hiyo mwaka wote. Sasa amesema hatasoma. Na mwenyekiti ameanza kuulizia mtu mwingine.

Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani. Ningependa kuandika kwamba nilifika na kuomba radhi. Nilifika nikiwa na hasira, na hasira ikaangukia pale ilipokuwa rahisi kuangukia. Nilifungua mipangilio ya simu, nikaitazama orodha ya kurasa zilizoruhusiwa kumtumia arifa, nikakuta si tatu. Zilikuwa nyingi mpaka nikachoka kuzishusha kwa kidole: za kubeti, za waganga, za mikopo, za wanawake wapweke, nyingine kwa herufi za nchi ambazo siwezi hata kuzitaja.

"Mama, nani kabonyeza hizi?"

"Mimi."

"Zote?"

"Ziliuliza."

"Ziliuliza nini?"

"Ziliuliza luhusa." Alipokasirika "r" ilimtoroka. "Kitu kinakuja, kinasimama, kinakuuliza kama unakiluhusu. Nikae kimya? Mtu apige hodi kwangu nimwambie nakuzuia? Hilo neno ulishawahi kunisikia namwambia nani hapa?"

"Si mtu, mama! Ni mashine! Ni matapeli!"

"Kama si mtu, mbona imeniita ndugu?"

Nilimpigia kelele. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, si kwa sababu ni machafu, bali kwa sababu yalikuwa maneno ya mtu aliyesoma akimwambia aliyechelewa kusoma. Aliyasikiliza yote. Kisha akaenda kuwafungulia mbuzi, na sikumfuata.

Nimelifikiria sana lile neno "ndugu". Matangazo mengi yanayoruka kwenye simu zetu yametafsiriwa vibaya. Unaona kabisa kwamba mwandishi wake hajawahi kusalimiwa na mtu kwa Kiswahili. Hili halikuwa hivyo. Hili liliandikwa na mtu wetu. Mahali fulani alikaa mtu anayejua kwamba mkulima wa huku hawezi kumpita anayemwita ndugu bila kuitika, anajua kwamba mwenye kuombwa ruhusa huona aibu kuinyima, akaiokota ile adabu kutoka kwenye ua wa mama yangu na kuigeuza mtego. Mwizi wa mbuzi angalau anaacha nyayo. Huyu sina hata pa kwenda kumshtaki. Mpaka leo nikimfikiria, taya zangu zinauma.

Nilianza kusafisha, na nikaanza kwa kosa jingine. Nilitafuta programu ya kuzuia matangazo, nikaipata ya kwanza iliyojitokeza, yenye picha ya ngao na nyota nyingi za sifa, nikaiweka. Kabla ya saa moja ilikuwa inatoa matangazo yake yenyewe, skrini nzima, hata simu ikiwa imefungwa. Alama ya kufungia, ile "x" ndogo pembeni, ilikuwa mchoro tu. Ukiigusa ndiyo unaingia. Mama alichungulia juu ya bega langu.

"Huyu ndiye mlinzi uliyemleta?"

"Namwondoa, mama."

"Mwondoe. Anakula kuliko wezi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza nami tangu zile kelele, na niliogopa kuharibu.

Niliiondoa. Kisha nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Niliipitia ile orodha ukurasa mmoja mmoja, nikifuta ruhusa, asubuhi hadi jua likawa upande wa pili wa mfenesi. Ningeweza kuzifuta zote kwa mguso mmoja, kitufe kilikuwepo. Nilitaka kuziona. Nilizima kabisa uwezo wa kurasa kuuliza tena. Nilibadilisha kivinjari nikaweka kile kinachozuia madirisha yenyewe, baada ya kusoma malalamiko ya watu waliokitumia, mabaya kwa mazuri, kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kukiri. Kwenye mipangilio ya mtandao niliandika anwani moja inayofanya matangazo mengi yasifike kwenye simu. Nikarudisha picha. Nikapunguza herufi hatua moja.

Halafu nikajaribu. Nilifungua ukurasa wa masomo, nikaufunga, nikaufungua. Nilifanya hivyo mpaka dada yangu akanipokonya simu.

"Utaimaliza kabla mama hajaitumia."

"Bado siiamini."

"Wewe huamini hata kiti ulichokalia. Mpe mwenyewe."

Dada alisema kitu ambacho sikutaka kukisikia: siku moja mimi nitakuwa machimboni, kitu kipya kitapenya, na mama atakuwa peke yake nacho. Nilipendekeza nimchapie masomo kwenye karatasi. Mama akakataa.

"Ya mwezi huu utanichapia. Ya mwezi ujao nitakungojea wewe? Nimekuwa mtoto?"

Kwa hiyo ilibidi nimfundishe kubonyeza "Zuia". Nilitafuta ukurasa mmoja mbaya kwa makusudi, kwenye simu yangu, ili dirisha liruke. Likaruka. Kidole cha mama kikasimama hewani. Aliweza kusoma neno lile, aliweza kulitamka, hakuweza kuligusa. Nilianza kueleza habari za seva na matapeli, nikaona macho yake yameshaondoka. Nikaacha kueleza, nikamsogezea simu.

Akalitazama dirisha lile, akauliza, "Huyu ni wa kwa nani?"

"Vipi?"

"Ametoka wapi? Ni wa kwa nani? Mgeni akija hapa tunamsalimia, namuuliza ni mtoto wa nani, anataja baba yake, anataja na babu, ndipo namwekea kigoda. Huyu amesema ni wa kwa nani?"

Ndivyo tunavyosalimiana huku. Salamu haijaisha mpaka ujulikane ukoo wako, na nilipokuwa mdogo ilinichosha kusimama juani nikitaja majina ya wafu kwa kila mzee niliyekutana naye. Sikuwahi kuiona kama ulinzi. Nilimwonyesha mstari mdogo juu ya dirisha, pale panapoandikwa anwani ya aliyeuliza. Ilikuwa herufi na tarakimu zilizotupwa hovyo.

Mama aliisoma herufi kwa herufi, kwa uaminifu wake wote. Akafika mwisho. "Hana kwao," akasema, na akabonyeza "Zuia". Hakubonyeza kwa woga. Alibonyeza kama anavyofunga zizi.

Tulifanya mara nyingi. Nikaleta madirisha mengine. "Wewe wa kwa nani? Hana kwao." Lililofuata. "Huyu ametaja, lakini simjui baba yake." Zuia. Ukurasa wa masomo ulipouliza, alisoma jina lake, akasema, "Huyu namjua, lakini leo sina haja naye," akauzuia pia, na akanitazama kuona kama nitamkosoa. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kukosoa. Njia yake ilikuwa bora kuliko yangu. Mimi nilizijua programu za kuzuia madirisha, na bado kidole changu kilikuwa kimeruhusu maelfu ya wasio na kwao, kwenye simu za watu walioniamini, bila kumuuliza hata mmoja jina la baba yake.

Hapo ndipo nilipomwomba radhi. Alisema, "Nimesikia."

Jumapili yenyewe mwenyekiti alikuwa ameshamweka tayari msomaji wa akiba, binti wa sekondari, amekaa benchi la mbele akiwa na sare yake. Mama alimfuata kabla ya misa, nikiwa nyuma yao.

"Shikamoo," yule binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pumzika leo. Nitasoma mwenyewe."

Wakati wa masomo mimi nilitoka nje. Sikuweza kukaa. Nilisimama chini ya dirisha la kigango nikiwa nimeshika tofali la ukuta, na sauti yake ikanifikia. Alisoma kutoka kwenye kitabu kikubwa cha kigango, chenye herufi kubwa, somo alilolirudia kwenye simu wiki nzima. Katikati alisema "loho". Nilisubiri aibu inipande, haikupanda. Palipokuwa na neno "Ndugu" alitulia kidogo sana, kiasi ambacho mimi peke yangu ningekijua, akalipita. Nyuma ya kanisa mtu alikohoa kikohozi cha utani, na nikajua ni nani. Hakuna aliyecheka. Mama alimaliza, watu wakajibu, nikasikia viatu vyake vikirudi mahali pake.

Yule mwenye mdomo bado anamwita Mama Mizizi wakikutana gulioni. Mama humjibu siku hizi. "Mbona wewe ndiye unayeikumbuka sana hiyo dawa? Bado hujapona?" Wanaomsikia humcheka yeye.

Kwangu mimi kilichobadilika ni hiki. Simu ikiletwa kibandani, sigusi kitu mpaka mwenyewe ameketi, na kila dirisha linaloruka tunalisoma pamoja kwa sauti. Naenda polepole kuliko mafundi wengine, na wachimbaji wenye haraka wameshanihama. Nimezifuta ruhusa kwenye simu za wote niliowakumbuka. Wengine wamehamia machimbo mengine na sijui pa kuwapata, na hao wananinyima usingizi. Hasira yangu kwa aliyeandika lile tangazo haijapungua. Ila sijampigia mama kelele tena.